Jina Nililoitikia Bila Kuuliza

Kakesio,
Jumatano, baada ya vipindi

Baba yangu,

Saita, nakusalimu kwa lugha yetu. Shikamoo, na shikamoo ya pili mpe Mama hapo alipo, maana najua yuko jikoni anajifanya hasikilizi. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo na kila chai ninayokunywa ina vumbi ndani yake. Ninyi hamjambo huko Ganako? Goti lako limetulia? Maharage ya ngwara yameanza kutoa maua, au wadudu wamewatangulia tena mwaka huu? Na Shukrani, anaendeleaje na ndama wake? Hilo swali la mwisho si la salamu tu, Baba. Barua hii yote inamhusu yule ndama, na nina ombi juu yake. Lakini usianze kukunja uso sasa hivi, hata mtu akienda kuposa huanza kwa habari za mvua.

Najua anayekusomea ni Noela. Noela, mtoto wa kaka yangu, shangazi anakusalimu. Soma kwa sauti, usiruke mistari, na ukifika mahali nilipoandika "Babu asome mwenyewe", mpe barua na miwani yake uende ukachote maji. Usijifiche nyuma ya mlango. Nakujua.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu huku mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na hata pale ukigeuza shingo unakatika. Jambo hili ningelisema kwenye simu ungelipata nusu, na najua ungebaki na ile nusu mbaya. Gari la kupeleka watu mnadani Karatu linaondoka kesho, dereva amekubali kukuletea mkononi.

Sasa habari za kazi. Darasa langu la awali lina watoto thelathini na mmoja, ingawa hapa watu hawapendi watoto wahesabiwe kwa kidole kama mbuzi, kwa hiyo asubuhi naita jina moja moja na hesabu naiweka kichwani. Wanakuja na vishuka vyao vyekundu juu ya sare, kila mmoja na kikombe cha uji kimefungwa kiunoni. Kiswahili chao bado kichanga. Kimaasai changu kichanga zaidi, na hilo ndilo lililoniponza, utaona.

Nilipofika Januari nilikuta sanduku la vitabu vya picha kwenye kabati la mwalimu mkuu. Vimefungwa kamba, vipya, bado vinanukia duka. Hakuna aliyethubutu kuvifungua kwa kuogopa vitachafuka. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba kitabu cha mtoto kisipochafuka ni msiba, akacheka, akanipa ufunguo. Tangu siku hiyo, kila tukimaliza uji, tunakaa chini juu ya ngozi ya ng'ombe, nafungua kitabu, nasoma. Mpishi wetu wa uji anasimama mlangoni na mwiko mkononi anawatafsiria pale wanapokwama. Anaitwa Yeyo Sinyati, yaani Mama Sinyati, na akianza kutafsiri huongeza chumvi mpaka hadithi ya kurasa nane inachukua saa nzima.

Baba, laiti ungewaona wanavyosoma picha. Kuna kitabu kimoja kina mtoto amelala kitandani, mama yake amekaa pembeni anamsomea. Mimi nilidhani wataipenda hiyo picha. Wakasogea wakaikagua. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, anaumwa nini?" Kwao, mtoto mkubwa vile akilala na mama yake amekaa kumlinda, basi ni mgonjwa. Mpaka leo tukifika ukurasa ule darasa zima linasema kwa pamoja, "Pole!" Kuna kingine kina simba amevaa kofia anacheka. Wavulana wawili wakasimama kutafuta fimbo. Na picha ya mnyama anayeonekana mbele tu, wanageuza ukurasa haraka waone mkia wake uko upande gani. Nimefundishwa chuoni mbinu nyingi za kusoma hadithi, lakini hakuna aliyeniambia nijiandae kwa swali la mkia.

Shida ikaja kwenye kitabu cha ng'ombe. Ni kitabu kizuri, kina ng'ombe mmoja mwekundu aliyenona, na mvulana anaitwa Juma anampeleka mtoni. Nilikuwa nimekichagua nikisema hapa sasa nimewapatia. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Kikapanda kidole cha Namnyaki, msichana wa miaka sita anayekaa mbele kabisa, ana macho ya kuhoji kama hakimu.

"Mwalimu, hii ng'ombe ya nani?"

"Ni ya Juma."

"Juma ya boma gani? Sikio yake hapana kitu."

Nikatazama. Kweli, masikio yalikuwa mazima, laini, kama ya ng'ombe wa kwenye katoni ya maziwa. Hapa kila familia ina mkato wake wa sikio, na mtoto anaujua kabla ya kujua herufi. Ng'ombe mkubwa asiye na alama hana mwenyewe, au ana mwenyewe na mtu anaficha. Wakajadiliana kwa Kimaasai, kisha Namnyaki akanipa hukumu: "Kitabu ni nzuri, lakini Juma ameiba." Siku mbili nzima kitabu kile kikaitwa kitabu cha mwizi, na hakuna aliyetaka kujua Juma alifika mtoni au hakufika.

Ndipo nikasema nitengeneze changu. Nikachukua karatasi za manila, kalamu za rangi, jalada nikakata kwenye katoni ya sabuni, nikashona kwa uzi wa gunia na gundi ya uji wa ngano. Usiku sikuwa na la kufanya zaidi ya kukumbuka nyumbani, basi nikachora nyumbani. Unakumbuka ile kalenda ya mbegu iliyokuwa ukutani, ulivyokuwa unanipakata na kunitungia hadithi ya kila mwezi, yule mkulima wa Machi amegombana na mkewe wa Aprili? Mpaka nikaanza shule nilidhani yameandikwa pale. Nilipokuwa nachora nilisikia sauti yako, nikalia kidogo, kisha nikaendelea.

Kitabu kinaitwa Shukrani Hatoi Maziwa Bila Hadithi. Ndiyo, ni huyo huyo Shukrani wenu. Ukurasa wa kwanza Mama anakamua, anamsimulia habari za nguruwe wa jirani alivyoingia kwenye maharage, na maziwa yanashuka chwaa. Ukurasa wa pili nimechora mimi namsimulia habari za shule. Ukurasa wa tatu, samahani Baba, ni wewe. Umevaa kofia yako na mabuti, umesema "Mimi sizungumzi na ng'ombe", umekamua kimya, na Shukrani amekuchapa mkia usoni. Ukurasa huo unasomwa mara tatu kila siku. Wanajipiga mashavuni wenyewe wanaanguka juu ya ngozi kwa kicheko. Huku Kakesio wewe ni mtu mashuhuri. Na ukurasa wa mwisho yupo ndama, nilimchora kwa kubahatisha kufuatana na mlivyonieleza kwenye simu.

Nilimchora Shukrani kama alivyo: mweusi, tumbo jeupe, na lile doa jeupe pajani lililo kama kiganja. Sikio la kushoto vilevile nililichora lilivyo, ncha imepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu na chini yake pengo dogo. Wewe ulituambia ni seng'enge ilimkata. Mimi miaka yote hii nimeamini seng'enge.

Nikakifungua darasani. Nikasema, "Haya, huyu ana sikio. Mwizi hayupo." Namnyaki akasogea mpaka pua ikagusa karatasi. Akapitisha kidole kwenye ule mkato, akanigeukia, uso umechanua.

"Mwalimu! Hii sikio ya kwetu! Hii ng'ombe ya Koko!"

Koko ni bibi. Nikacheka, nikamwambia labda inafanana. Mtoto hakubishana. Alikwenda nyumbani akasema.

Kesho yake tuko kwenye saa ya hadithi, mlango ukafunikwa. Akaingia mama mzee, mrefu, mwembamba, shanga mpaka mabegani, fimbo mkononi. Watoto wakainamisha vichwa awaguse, mmoja mmoja, akawagusa wote. Kisha akakaa kwenye kile kiti changu kidogo cha awali kana kwamba ni kiti cha enzi, akanyoosha mkono. Anataka kitabu. Nikampa. Yeyo Sinyati akatupa mwiko akaja kutafsiri.

Koko alikitazama muda mrefu. Akagusa sikio. Akagusa lile doa la pajani.

"Anauliza, hii ng'ombe nani anakamua?"

"Mama yangu."

"Anauliza, mama yako akikamua, ananyamaza?"

"Mwambie ni kama tulivyosoma. Ukinyamaza hatoi hata tone."

Yeyo Sinyati alipolisema hilo kwa Kimaasai, Koko akajifunika mdomo kwa shuka. Halafu, Baba, akaanza kuimba. Taratibu, ameinamia karatasi, kama Shukrani yupo pale mbele yake. Sikuelewa maneno lakini wimbo wa kukamulia hauhitaji kuelezwa. Watoto wakawa wanaitikia kidogo kidogo maana nyimbo hizi wanazijua kwa mama zao. Ng'ombe wetu alilelewa kwa nyimbo. Ndiyo sababu hatoi maziwa kimya. Na ninyi mkawa mnamwita mwanasiasa, eti bila hotuba hafanyi kazi.

Baadaye nikaelezwa. Shukrani alikuwa ng'ombe wa Koko hasa, alipewa na mama yake alipoolewa, yaani alipewa ng'ombe aliyekuwa nyanya wa Shukrani, na uzao ukaendelea mpaka kwa Shukrani. Mwaka ule wa ukame mkali, mimi nikiwa kidato cha tatu, Koko alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake huko Endulen. Mwanawe akaona watoto wana njaa, akaswaga ng'ombe watatu mpaka mnadani akarudi na mahindi. Koko aliporudi hakumlaumu, maana watoto walikuwa wamekula. Lakini Shukrani hakuwepo, na hakuacha hata mtamba mmoja wa uzao ule. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, hakuna mwizi katika habari hii. Ulinunua mbele ya watu kwa haki, na yeye mwenyewe anasema hivyo.

Siku ile hakusema mengi. Aliuliza kama Shukrani amezaa. Nikajibu amezaa karibu na Pasaka. Dume au jike? Jike. Akatabasamu meno yote aliyobaki nayo. Akatemea kiganja chake mate kidogo, akanipaka kwenye paji la uso, ndiyo baraka yao, kisha akanitazama machoni akasema, "Paashe."

Mimi nikaitika, "Naam!" Kwa sauti kubwa, kama tunavyowafundisha watoto kuitika wakiitwa.

Darasa likacheka. Yeyo Sinyati akaguna. Nikadhani nimepewa jina la utani, nikafurahi, maana mtu akipewa jina ugenini ujue ameanza kuwa mwenyeji. Tangu siku hiyo Koko akipita kwenda kisimani husimama dirishani, "Paashe!" Nami, "Naam, Koko!" Watoto nao wakaanza, Mwalimu Paashe hivi, Mwalimu Paashe vile. Kuuliza si ujinga, Baba, ulinifundisha hivyo. Mimi sikuuliza.

Katikati ya furaha hiyo habari ikatembea, na kila boma ililopita ikanenepa. Ikawa: mwalimu Mmbulu ana ng'ombe wa Koko. Unajua mambo ya zamani kati ya babu zetu na babu zao, nani alimswagia nani ng'ombe. Jumatatu nikaita majina, wakaitika wanane. Jumanne wanane. Nilikaa nao juu ya ile ngozi, imekuwa kubwa kama uwanja, nikawasomea, sauti yangu inarudi kutoka ukutani. Namnyaki alikuwepo. Akanishika mkono akaniambia, "Pole," kama kwa yule mtoto wa kitandani.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema. Akaniita kando, "Paskalina, sema ulichora tu. Picha ni picha, nani atakushtaki?" Nililifikiria, Baba, sitakuficha. Mchana ule nilishika kalamu nyeusi nizibe ule mkato, nimfanye Shukrani awe na sikio zima kama wa Juma. Mkono ukakataa. Nitawatazamaje watoto walionifundisha mimi kwamba ng'ombe lazima awe na mwenyewe? Wazazi walipokuja kuuliza, niliwajibu ukweli: ng'ombe huyu yupo, yuko kwetu Ganako, baba alimnunua mnadani mchana kweupe. Wengine walitikisa vichwa wakaondoka.

Jumatatu iliyofuata wakarudi. Wote. Nilisimama mlangoni nikaita majina yote thelathini na moja. Sikujua nani amewarudisha, nikamshukuru Mungu nikaendelea na kazi.

Noela, sasa hapa Babu asome mwenyewe. Nenda kachote maji.

Baba, aliyewarudisha ni Koko. Nimelijua hilo Ijumaa iliyopita tukiosha vikombe na Yeyo Sinyati. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mwalimu, mtamba mtaleta lini?"

"Mtamba gani?"

"Si wewe Paashe?"

"Si jina tu?"

Akaacha kikombe. "Ai! Mwalimu. Hiyo jina haiitwi bure. Mtu akikupa mtamba, mnaitana Paashe mpaka kufa. Yeye anakuita Paashe, wewe unamwita Paashe. Jina ya kuzaliwa mnaacha."

"Lakini mimi sijampa kitu!"

"Lakini uliitika."

"Niliitika kwa sababu nilidhani ananisalimia!"

Yule mama alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Alicheka akafuta machozi, akanitazama, akacheka tena. "Umeitika siku ngapi?" Nikamwambia wiki mbili, mara tatu kwa siku, na Jumapili kanisani mara moja. Akalala kabisa juu ya lile gunia. Mdomo umeniponza kichwa, Baba, na kichwa chenyewe ni ndama wako.

Alipotulia akanieleza vizuri. Koko hakunitega. Aliposikia Shukrani ana mtoto jike, aliuliza kwa adabu ya kwao: aliniita jina hilo akaniachia mwenyewe. Ningenyamaza, angeelewa, angechukua fimbo yake akaenda, na asingelitaja tena. Mimi nikaitika Naam mpaka paa likatetemeka. Basi watoto walipozuiwa, mama mzee yule alitembea siku tatu, boma kwa boma, kwa miguu ile, akiwaambia, "Mwizi yuko wapi? Huyu mwalimu ni Paashe wangu." Kwa neno hilo walirudisha watoto. Hawakurudisha kwa sababu ya vitabu vyangu.

Sasa unaona nilipo. Nikisema sikujua maana, Koko anakuwa mwongo mbele ya maboma yote, katika uzee wake, kwa sababu yangu. Na watoto watabaki nyumbani, safari hii bila mtu wa kuwatembelea. Na nikiitika, ninaitikia mali isiyo yangu.

Najua unamtunza huyo ndama achukue nafasi ya mama yake. Najua utasema, kadi ya mnada ninayo, sidaiwi na mtu. Kweli, hudaiwi. Koko angekuwa anadai ningejua la kumjibu, mimi ni mwanao na ubishi nimeurithi. Lakini hadai, anaita tu. Wala hamtaki Shukrani, ndivyo alivyonieleza Yeyo Sinyati. Koko anasema ng'ombe aliyeuzwa ameuzwa na aliyemlisha miaka yote hii ni mama yangu, aendelee naye mpaka mwisho. Anachotaka ni mmoja wa uzao ule wa mama yake awepo bomani kwake kabla hajafa, amwimbie. Ana kondoo jike ametenga kwa ajili ya Mama. Na wewe, usicheke, utakuwa Paashe wa bibi mmoja wa Kimaasai, na ukija huku hutalala njaa wala vijukuu vyako havitalala njaa.

Ninakuomba huyo ndama, Baba. Akishaacha kunyonya. Kibali cha kumpitisha nitaulizia kwa bwana mifugo wa huku na wa huko, na likizo ya Desemba nitakuja mwenyewe tumlete. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa tangu nilipoomba kwenda chuo, na siku ile ulikaa kimya jioni nzima kisha ukasema ndiyo. Kaa kimya hata wiki ukitaka.

Kwa sasa nimekuwa mwoga. Tangu Ijumaa Koko akisimama dirishani naingiza kichwa kwenye sanduku la vitabu kana kwamba natafuta kitu. Jana nilijifanya nakohoa mpaka watoto wakaniletea maji. Yeye husubiri kidogo, kisha nasikia fimbo yake inaondoka. Naumia sana, kwa sababu ni mtu aliyenisimamia wakati hata sijui. Muulize na Mama anasemaje. Mwambie yule ng'ombe aliyekuwa anampigia umbea alikuwa anataka wimbo.

Noela, unaweza kurudi sasa. Ndoo imejaa?

Nisalimie kaka yangu mkubwa, baba yake Noela, mwambie kofia aliyonipa imenisaidia sana siku tulipopita kwenye ukungu wa Ngorongoro, abiria wote walikuwa wanaitamani. Wifi yangu nitamletea shanga, achague rangi. Bibi mzaa Mama mpe mkono, mwambie ugoro wa huku ni mkali kuliko wake. Mjomba mwenye mashine ya kusaga mwambie nimemchora pia, ila mashine imetoka kubwa kuliko yeye. Na katekista wetu, mwambie mwanafunzi wake wa kwaya huku anaimba nyimbo za ng'ombe.

Alhamisi asubuhi

Baba, gari limeharibika tairi, linaondoka saa sita, kwa hiyo nimeibandua bahasha niongeze haya.

Leo Koko hakusimama dirishani. Ameingia. Tulikuwa tumekaa, nimefungua kitabu, nimeshafika ukurasa wa ndama. Akaegesha fimbo ukutani, akakusanya shuka lake, akakaa chini juu ya ngozi pamoja na watoto, Namnyaki akamsogezea nafasi. Alisikiliza mpaka mstari wa mwisho, anafuata picha kwa kidole kama wengine. Nikaona ule mkono wake, na zile nyayo zilizopasuka kwa kutembea boma kwa boma kwa ajili yangu. Hapakuwa na sanduku la kuingiza kichwa.

Akaniita, kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye hatauliza tena.

Watoto wote wakanigeukia. Hata Yeyo Sinyati mlangoni aliteremsha mwiko.

Ndama ni wako, Baba, na neno la mwisho ni lako. Ukisema hapana sitanung'unika, nitautafuta uzao ule mnada kwa mnada hata kama ni miaka kumi. Lakini sikuweza kumwacha yule mama akae pale chini na jina lake mkononi. Na safari hii sikuitika Naam. Nilimtazama machoni nikamjibu inavyojibiwa:

"Paashe."

Mwanao anayekupenda,
Paskalina